Swali la Tisa

Nereida Cotto alikuwa na pua, na ubaya wa pua hiyo ni kwamba kwa miaka kumi na mitano haikuwa imemwangusha. Mtu akipanda ngazi za ofisi yao, juu ya duka la kufulia nguo upande wa kaskazini wa Chicago, Nereida alimtazama mara moja tu akajua: huyu kapigwa, huyu kapiga. Tadek, mkuu wa ofisi, mzee wa Kipolandi aliyezika wapenzi wawili na bado akaja kazini kila siku na tai shingoni, alizoea kumtania. "Pua hiyo tuikatie bima," alisema. Nereida alicheka, na moyoni aliamini.

Shirika liliitwa Mlango wa Pembeni. Lilipokea wanawake wapendao wanawake, wanaume wapendao wanaume, na wale walioitwa wavulana utotoni wakakua wakawa kina dada. Walikuwa wamepigwa na watu wa njiani, na baba zao, na mara nyingi kuliko tupendavyo kukiri, na wale waliolala nao kitanda kimoja. Walikuja na mfuko wa nguo chafu begani, kwa sababu hakuna amshukuye mtu anayekwenda kufua.

Hapo penye kitanda kimoja ndipo penye kazi. Mume akimpiga mke, watu hukisia upesi, na mara nyingi hukisia sawa. Wanawake wawili wakipigana, utamwamini nani? Mkosaji naye huja kushtaki, tena huja wa kwanza, tena hujua kulia. Ndiyo maana palikuwa na karatasi ya maswali thelathini na moja, na kila aliyepanda ngazi sharti aulizwe yote. Swali la tisa ndilo Nereida alilowafundisha wageni wa kazi kulitilia mkazo: Mkigombana, ni nani anayeogopa kurudi nyumbani? Na palikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kutoka nyumba moja hupokewa mtu mmoja tu. Ukishampokea huyu, yule hana mlango kwako.

Lorelle Gaines alikuja Januari, siku ya theluji. Alikuwa mdogo wa umbo, mwimbaji wa kwaya, mkono wake wa kushoto umefungwa bandeji. Alipoketi, miguu yake haikugusa sakafu vizuri.

"Mwenzangu ni mrefu sana, Bi Cotto," alisema. "Ni fundi wa lifti. Ana mikono hii." Akaonyesha kwa mikono yake midogo, kisha akaanza kulia.

Sasa, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Zamani Nereida aliishi na mwanamke mrefu mwenye mikono kama hiyo, na mwanamke huyo alimwachia jino moja la bandia na sikio lisilosikia vizuri. Alimtazama Lorelle akajiona mwenyewe. Karatasi ilikuwa mezani. Aliandika jina, akajaza maswali matatu ya mwanzo, kisha akaiweka kando akamshika mkono. Ya nini kumchosha mtu kwa maswali na ukweli unauona kwa macho? Akampokea.

Siku tatu baadaye akaja Vernita Pruitt. Alilazimika kuinama mlangoni. Alisimama na mfuko wake wa nguo akingoja kuambiwa akae, akaambiwa, na bado akauliza, "Hapa?"

"Nimemwumiza mwenzangu," alisema. "Lorelle. Nimemtegua mkono. Nataka mnifundishe nisirudie."

"Ilikuwaje?"

"Alisimama mlangoni na pasi ya moto. Mimi nilikuwa nataka kupita niende kazini. Nikamsukuma."

Nereida alisikia neno moja tu, nikamsukuma. Kila mpigaji ana pasi yake, alijiambia. Miaka kumi na mitano alikuwa amesikia pasi, visu, matusi, pombe, wivu. Tena sheria ilikuwa sheria. Akamwandikia anwani ya kanisa moja ambako kila Jumanne watu waliowapiga wenzao walikutana na mwalimu, masomo ishirini na sita.

"Sisi hatuwezi kukupokea," alisema, baridi kuliko alivyokusudia. "Nenda kule. Ukimaliza, rudi tuone."

"Asante, Bi Cotto. Nitamaliza."

Hata mlango aliufunga polepole. Nereida alihisi kitu kama unywele mdomoni, akakipuuza.

Machi walikwenda mahakamani, Lorelle akiomba amri ya kumzuia Vernita asimkaribie. Nereida alikaa kando yake, kama ilivyo kazi yao, ubavu kwa ubavu. Jaji alimgeukia Vernita, aliyekuja peke yake na koti la kazini.

"Unapinga maombi haya?"

Vernita hakumtazama jaji. Alimtazama Lorelle. Aligeuza shingo yote, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, akangoja. Lorelle akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana, na hapo ndipo Vernita alipofungua kinywa.

"Sipingi, mheshimiwa."

Nereida aliona. Mtazamo ule aliujua. Ndio aliokuwa nao yeye mezani kwa mwanamke yule wa zamani, alipoulizwa na wageni kama angependa kahawa zaidi. Angeweza kunyanyuka. Angeweza kumnong'oneza wakili aombe dakika tano. Alikaa, mikono mapajani, na muhuri ukapigwa.

Nje kwenye ngazi, Lorelle alivaa glavu zake akitabasamu. "Umeona?" alisema. "Kumtazama tu, anajikunja."

Alasiri ile Nereida alitoa karatasi ya Lorelle kwenye jalada. Maswali matatu yamejazwa, ishirini na manane meupe kabisa. Akaipeleka kwa Tadek, akaiweka mbele yake. Tadek aliisoma, akavua miwani. Siku hiyo hakutania pua ya mtu.

"Umempokea aliyepiga," alisema.

"Na aliyepigwa nimemfukuza, Tadek. Aliniambia habari ya pasi, nikamfukuza."

"Basi tulifunge jalada la huyu vizuri, kwa utaratibu, halafu tumtafute yule. Tutamtafuta, Nereida. Usinililie hapa, nitalia na mimi."

Walimtafuta. Simu yake ilikuwa imekatwa. Barua isingeweza kupelekwa nyumbani, Lorelle angeifungua kwanza, na karakana ya lifti ilisema ameacha kazi, mwenzake hakupenda zile saa. Nereida alimpigia mwalimu wa Jumanne, na mwalimu akajibu kama yeye mwenyewe angejibu: hatutaji wanaokuja hapa. Usiku hakuwa na usingizi, mchana alipika wali wa mbaazi akausahau jikoni ukaungua. Tumaini lake lilikuwa moja, na lilikuwa dogo. Alimwambia arudi akimaliza, na Vernita alikuwa mtu wa kufanya anachoambiwa.

Alirudi Septemba, Jumatano asubuhi, mfuko wa nguo begani. Aliinama mlangoni. Alikuwa amekonda, na jicho la kulia lilikuwa limefumba, limevimba rangi ya biringanya.

"Hapa?" aliuliza.

"Popote, mwanangu. Kaa popote."

Vernita akakaa ukingoni mwa kiti. Akatoa bahasha kifuani, na ndani yake cheti chenye utepe wa bluu, jina lake limeandikwa kwa mkono mzuri. Akakilaza mezani akikinyoosha kwa kiganja. Kwenye mkono huo, juu ya kifundo, palikuwa na kovu jipya la moto, lenye ncha mbele na upana nyuma. Nereida hakuhitaji pua kulijua.

"Ishirini na sita," alisema Vernita. "Nafasi ilipatikana Machi, na sikukosa hata moja. Mwalimu alisema ni wachache wanaomaliza."

"Vernita, jicho hilo."

"Aa, hili." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Sijainua mkono, Bi Cotto. Tangu Januari, hata mara moja."

"Hata kujikinga?"

"Mkono ukiinuka umeinuka. Mikono yangu ni mikubwa, naweza kumwumiza. Siku hizi naiweka nyuma, hivi." Akamwonyesha, vidole vimefumbatana mgongoni, uso mtupu mbele. Alikuwa anaona fahari.

Nereida alilia. Haikuwa desturi, na kwenye mafunzo alikuwa akiwakataza wengine, lakini alilia mbele ya mgeni wake kama mtoto.

"Nisikilize," alisema alipoweza. "Nilikosea. Siku ile sikukuuliza maswali, wala yeye sikumwuliza. Wewe ndiye uliyepaswa kupokewa. Wewe ndiye uliyekuwa unapigwa. Kuna chumba, Vernita, leo hii, kina kitanda na ufunguo. Usishuke ngazi zile."

Vernita alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Unasema hivyo kwa wema wako. Lakini ulikaa naye mahakamani. Nilikuona. Nikasema, Bi Cotto anajua kazi yake, kama yuko upande ule basi ni kweli, mimi ndiye." Akakohoa. "Amenisamehe lakini. Aliniita nirudi baada ya wiki tatu. Ile amri ameibandika kwenye friji, nikikosea ananionyesha. Anaweza kupiga simu wakati wowote nifungwe, na hajapiga. Si wengi wangevumilia."

"Yuko wapi sasa?"

"Chini. Anangojea mashine." Akasimama. Akakisukuma cheti upande wa Nereida. "Ukiweke hapa kwako. Nyumbani karatasi hazikai."

Nereida akamfuata mpaka juu ya ngazi. Hakuwa na sheria tena ya kushika, wala pua, alikuwa na swali tu, na aliliuliza kwa sauti ya chini ili lisifike dukani.

"Mkigombana, ni nani anayeogopa kurudi nyumbani?"

Vernita alisimama kwenye ngazi ya tatu. Hakumtazama Nereida. Aligeuza shingo yote kuelekea chini, kwenye mlango wa kioo ambako mashine zilikuwa zikinguruma, akangoja. Hakuna aliyetikisa kichwa kule. Akangoja tena.

"Nguo zitakuwa zimekauka, Bi Cotto," alisema hatimaye, akashuka.

Kutoka dirishani Nereida aliwaona wakitoka, yule mdogo mbele, yule mrefu nyuma na mifuko yote miwili. Akaketi, akatoa karatasi mpya. Akaandika Vernita Pruitt juu, akaruka maswali manane, na kwenye la tisa akamjibia.