Magoti Mbele ya Farasi

"Basi niambie, Zuleika, huyo farasi alikuwa anawahi wapi, hata asingoje mtoto asalimie mkubwa wake?"

Lakica alikuwa mlangoni pa jirani, mikono kiunoni, sauti ikiwafikia hata waliopanga madumu bombani. Zuleika akamjibu taratibu, akiendelea kupepeta mchele, kwamba farasi hawahi popote, ila mguu wake wa nyuma huwahi taya la mtu. Na kama Lakica alitaka binti wa kupiga magoti kutwa, angempeleka utawani.

Chanzo kilikuwa Aciro, binti wa Lakica, aliyekuwa akimalizia shahada ya elimu ya farasi. Ndiyo, farasi. Wenzake pale kambi ya polisi walisomea uuguzi na uhasibu, mambo ya watu wasio na ndoto. Yeye alichagua mnyama ambaye ukikusanya wote wa Kampala hawazibi kichochoro kimoja cha soko la Owino. Ndugu zao wa Gulu waliambiwa anasomea udaktari. Walipouliza wa nini, mtandao wa Lakica ukakatika ghafla.

Kisha neema ikashuka. Chuo kilitafuta mtu wa kusimamia mtihani wa vitendo, kikampata Afande Wahabi, mstaafu aliyewatunza farasi wa polisi miaka ishirini na sita, mume wa huyo huyo Zuleika, jirani wa ukuta kwa ukuta. Lakica alilala akitabasamu. Kwa hesabu yake, shahada ilikuwa imeshafika nyumbani, bado kutundikwa tu.

Jumatano Aciro alimshika farasi kamba, akamkagua kwato, kila kitu sawa. Wahabi akasogea. Na Aciro, mtoto aliyelelewa akaleleka, akapiga magoti kumwamkia mzee wake, kamba mkononi, hatua moja tu kutoka mguu wa nyuma. Wahabi akaitikia salamu vizuri kabisa, kisha akaandika sifuri penye usalama. Sifuri ya hapo hufuta alama nyingine zote: mwaka unarudiwa, labda msimamizi mwenyewe akubali kumpima tena kabla ya Jumatatu. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Wahabi alirudi kutoka msikitini akaukuta ugomvi umeshapata watazamaji. Lakica akamweleza, kwa heshima iliyojaa miiba, kwamba labda angemlea binti bila adabu, mtihani ungekuwa rahisi.

Mzee hakupandisha sauti. "Mama Aciro, tulikuwa na konstebo mmoja. Alipiga magoti nyuma ya farasi kutafuta kifungo cha shati lake. Siku ya pili tukamzika."

Watazamaji wakapata ghafla kazi ya kutazama madumu yao.

Wahabi akamgeukia Aciro, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mama yake. "Toka hapo, unisalimie umesimama. Ukiweza mbele ya mama yako, utaweza mbele ya farasi. Kesho nitakupima."

Aciro akasogea. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe, kama kawaida yao tangu akiwa na miaka mitatu. Akajinyoosha, yakakunjika tena. Akamtazama mama yake kama mtu anayeomba ruhusa ya kuiba.

Lakica aliijua bei ya ruhusa hiyo. Kabla ya jua kuchwa, kambi nzima ingesema binti wa Lakica huwaamkia wazee kama mlingoti wa bendera, na ya kwanza kusema ingekuwa midomo hii hii aliyokaa nayo kusengenya wengine. Akamshika binti kiwiko, akakikaza.

"Simama, mwanangu."

"Habari za mchana, mzee," Aciro akasema, wima, machozi yakimlengalenga.

"Nzuri. Saa moja asubuhi, na uvae viatu vigumu."

Lakica akageuka aondoke na heshima kidogo iliyobaki, lakini Zuleika alikuwa ameshaweka ungo chini na kuvuta pazia la mlango.

"Unaenda wapi na njaa yote hiyo ya kugomba, bambi, maskini wee? Ingieni, mle."