Mkurugenzi Yuko Ndani

...na akithubutu kusema paka tu mara nyingine, huyu mzee wa mbuzi, Msomi atamjibu jibu ambalo hata mbuzi wake atalionea aibu, maana tangu waingie hapa ni paka tu, paka tu, kana kwamba aliye nyuma ya ule mlango wa kijani ni soksi iliyopotea, kumbe ni Mkurugenzi, dume lenye kifua cheupe na kiburi cha mtu aliyekalia kiti kisicho chake, paka aliyepewa cheo hicho na nyumba nzima kwa sababu ni yeye peke yake asiyeinuka mgeni akiingia, na sasa amelazwa juu ya meza ya bati, mguu mmoja umenyolewa, uso umevimba kama wa bondia, dripu inaingia tone kwa tone, na daktari wa mifugo amewafungia mlango akasema kaeni kwenye benchi tusubiri rangi, rangi ya ufizi, ikirudi kuwa ya waridi tumemwokoa, ikibaki ya kahawia hivi... na hakumalizia, wasomi wana tabia hiyo, sentensi ikifika pabaya wanakohoa, "uwezekano upo," ndivyo alivyosema, mwambie hivyo mtu mwingine bwana daktari, mwambie aliyesomea mashairi, usimwambie Msomi aliyesomea takwimu mpaka macho yakadai miwani, uwezekano upo ni maneno ya mtu asiyetaka kutoa namba, ni ndugu wa baba mmoja na we will get back to you, na hao anawajua, hao wanamjua pia, kila ofisi aliyopeleka bahasha yake wanamjua, we regret to inform you, mnaregret nini wakati hamjaifungua hata bahasha, wanataka kijana mbichi mwenye uzoefu wa mzee, mtoto aliyezaliwa na ndevu...

...mbuzi amelia, amefungwa kwenye mguu wa benchi, tumbo limejaa upande kama ngoma, mzee wake amekwisha mweleza kila anayeingia kwamba kameza mifuko ya nailoni jalalani, na yule mama aliyepakata kapu lenye kuku anaitikia pole, pole, bila kumtazama, na pale ukutani, mbali na benchi, amesimama shangazi, hajakaa tangu waingie, amevaa sare yake nyeupe ya unesi, saa ya kifuani inaning'inia kichwa chini, zamu yake ilishaanza huko wodi ya watoto na hajampigia mtu simu, amesimama tu mikono mifukoni kama mwanafunzi aliyetolewa darasani, na asimame, asimame mpaka miguu iote mizizi, nafasi kwenye benchi ipo lakini Msomi ameweka begi lake hapo kati, ameliweka makusudi, na sogea hasemi, kwa sababu tangu alfajiri anainoa sentensi moja, ameinoa kwenye pikipiki wakati Mkurugenzi akihema ndani ya shuka kama mtu aliyepanda ngazi, sentensi ya kumwambia shangazi wakifika nyumbani, au hapahapa, au siku atakapohama nyumba ile, nesi mzima unamnywesha paka sumu kwa kijiko, nesi mzima, anaipenda sehemu hiyo, anaiona ikiingia kama sindano...

...maana ni sharubati ile, sharubati ya homa ya watoto, chupa ya kahawia inayokaa juu ya friji, dawa ya kila kitu katika nyumba ile, ukikohoa unapewa, ukinuna unapewa, Msomi mwenyewe amekua kwa kijiko hicho, na jana kutwa alikuwa hayupo, alikuwa anazungusha bahasha kwa miguu, ofisi hii, ofisi ile, mlinzi huyu, mlinzi yule, acha hapo dada tutaipeleka juu, na nyuma huku Mkurugenzi akapata mafua, akapiga chafya, akakataa chakula, masikio yakawa ya moto, mtu mwingine angesema atapona, mtu mwingine angemwachia maji na kwenda kulala, lakini shangazi si mtu mwingine, shangazi hajui kumwona kiumbe anatetemeka akakaa, akaitoa mizani yake ya kliniki za mitaani, ile ya kuning'iniza, yenye mfuko kama kaptula, akaifunga kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akamtumbukiza Mkurugenzi, miguu ikatokea kwenye matundu ya watoto, akasoma uzito, akapiga hesabu, dozi ya mtoto mchanga mwenye uzito huo, sawasawa kabisa, hakukosea hata tone, na hapo ndipo kosa lilipo, angekuwa mtu mzembe angemmwagia kidogo tu mdomoni, nusu ikaishia kwenye sharubu, lakini huyu alipima, huyu alimbana taya akahakikisha amemeza, akamsugua koo kwa kidole kama anavyowafanyia wale wadogo, na daktari asubuhi hii amewaeleza taratibu, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kusema na wenye ng'ombe, kwamba ini la paka halina njia ya kuitoa dawa hiyo, inabaki inazunguka, inaiharibu damu, damu inageuka rangi, hata tone la mtoto kwake ni jingi mno...

...simu, kaka, kaka ameandika, "nyumba hii ina watu wawili wasiozalisha, mmoja ana mkia, mnamtibu yupi?" na alama za kucheka, haya, cheka, cheka wewe mwenye kiti cha kuzunguka na kadi ya kazi shingoni, unayelala kwenye mikutano macho wazi, unazalisha nini wewe zaidi ya attachment, please find attached, na hata mapokezi hapa swali lilikuwa hilohilo, dada wa mapokezi na kucha zake ndefu, "anashika panya?" na Msomi, aibu, Msomi akajibu haraka haraka, ndiyo, sana, mwindaji hodari, panya wa mtaa mzima wamehama, uongo mtupu, Mkurugenzi panya alimwona siku moja akampisha njia, lakini mdomo ulishazoea, mdomo umeandika sivii nyingi mno, hardworking, self-motivated, team player, umezoea kuomba ruhusa ya kuwepo, kwamba mimi na huyu tuna faida jamani, msituache nje, na kwa nini, nani kasema kiumbe apumue kwanza halafu alete risiti ya alichokifanyia hewa, nani aliketi kwenye kamati akalipitisha hilo, mleteni hapa, mimi nina muda, hicho ndicho kitu pekee nilichonacho tele...

...wameufungua mlango, hapana, ni dirisha, upepo, mlango uko vilevile, kijani, rangi imebanduka chini pale mbwa wanapokwaruza, na hakuna sauti, Mkurugenzi ana sauti mbaya sana, ana sauti ya bawaba, kwa nini halii, alie basi, amkwaruze daktari, amng'ate, angekuwa mzima angekwisha mng'ata, Msomi akafungua simu asitazame mlango, akaitafuta ile picha, maana ipo picha, ushahidi upo, jana mchana shangazi aliituma, "mtoto wetu kaletwa kliniki leo," na Msomi akaipokea akiwa amekaa mapokezi ya ofisi moja, kwenye kiti kisicho na mgongo, akacheka kwa sauti mpaka mlinzi akamgeukia, hakuwa amecheka hivyo siku nyingi, na sasa anaikuza picha kwa vidole viwili ili aione vizuri hatia, tazama, fremu ya mlango, tazama, mizani, Mkurugenzi ndani ya kaptula kama mheshimiwa aliyekamatwa bafuni, mkia haujui upite wapi, na chini, chini ya paka, mkono, mkono wa shangazi, kiganja kimefunguka, hakimgusi, ukimgusa uzito unadanganya, umeachwa mwanya mdogo tu kati ya kiganja na manyoya, kiganja kinasubiri, endapo mfuko utaponyoka, endapo mtoto atajipindua... ndivyo anavyowapima wote, Msomi aliwahi kumfuata kliniki akamwona, jicho kwenye mshale na kiganja chini, mtoto baada ya mtoto, hakuna aliyeanguka... hapana, hapana, usinilainishe, mimi nina hasira na nina haki nayo, nimeibeba tangu alfajiri haijanidondoka, paka wangu ana damu ya kahawia...

..."lakini sista," alikuwa mzee wa mbuzi, amejigeuza benchi zima limsikie, "nesi mzima, unamnywesha paka sumu kwa kijiko? Na ndio mnaotutibia watoto."

...na sentensi ilikuwa ileile, yake, karibu neno kwa neno, imetoka kwenye mdomo wenye mswaki wa mti pembeni, na jinsi ilivyokuwa mbaya, jinsi ilivyokuwa rahisi, mtu yeyote angeweza kuitunga, hata huyu, hata mbuzi, na shangazi alishusha macho kwenye viatu vyake vyeupe, shangazi ambaye madaktari wakubwa humkwepa kwenye korido, na huyu mzee kajuaje, kajua kwa sababu shangazi alisema mwenyewe, walipoingia tu, kabla hata daktari hajauliza, hapo katikati ya chumba mbele ya kuku na mbuzi na kucha ndefu, "nilimpa mimi, dawa ni hii, kipimo ni hiki, muda ni huu," akaiweka chupa mezani, na daktari akasema afadhali, wengi huficha wanasema sijui kala nini, nikaanza kubahatisha, paka akafa nikiwa bado nabahatisha, dripu ile imeingia mapema kwa sababu ya kauli ile, na Msomi alisikia, masikio anayo, alisikia akaipita kwa sababu haikufaa kwenye sentensi yake, na hapo akajikuta ameshaanza kusema, sauti yake ya kwanza kubwa tangu asubuhi.

"Mzee wangu, shikamoo nilikupa tulipoingia, kwa hiyo upande wa adabu tumemaliza. Huyo ni shangazi yangu. Alikosea, akasema kwa mdomo wake mwenyewe. Mbuzi wako amekula mifuko ya nailoni. Nani aliyemfungulia, na hilo umemwambia daktari?"

"Mimi nasema tu, binti," alisema mzee. "Ni paka tu."

"Ni paka. Hilo neno la pili lipeleke kwako. Na kama unataka kujua, hana kazi. Hajawahi kushika hata mende. Analala, anaamka, anageuka upande wa pili. Na atatibiwa mpaka mwisho."

"Lo. Ulimi huo, utapata mume kweli?"

"Akija na maneno kama yako nitamfungia na mbuzi."

"Umelikoroga mwenyewe, mzee," alisema mama wa kuku, bado bila kumtazama mtu, "sasa linywe," na dada wa mapokezi alikohoa kicheko ndani ya kiganja, na mzee akamgeukia mbuzi wake, akampapasa lile tumbo, taratibu, kwa muda, mkono ukatulia pale juu, na Msomi akaona kwamba naye anaogopa, basi, amwache, yamekwisha...

...na sentensi iko wapi, anaitafuta, mahali ilipokuwa pana joto tu, kama kiti alichokuwa amekalia mtu, na hasira bado ipo, ipo tele, lakini imegeuka uso, inatazama nje, inatazama mlango, inazitazama bahasha zote na vidole vyote vinavyogonga meza vikiuliza faida yake nini, na ghafla anajua kwamba Mkurugenzi anaweza kufa, si kwa namba, anajua tu, rangi inaweza kugoma, na ikigoma atalia, atalia hapahapa katikati ya chumba, kamasi na yote, atalia njia nzima hadi nyumbani akiwa na shuka mikononi, na atakayemuuliza unalilia paka atajibiwa ndiyo, ndiyo nalilia paka, una swali lingine, na hatamtafutia sababu ya kustahili, hatamwandikia sivii marehemu... akaondoa begi kwenye benchi.

"Shangazi. Njoo ukae."

"Niache hivi," alisema shangazi, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekesha, "nikikaa sasa hivi, mwanangu, sitainuka tena."

...na hakuna kijiko cha hilo, hakuna chupa juu ya friji, unampa nini mtu ambaye ndiye hutoa, angeweza kusema si kosa lako lakini ni kosa lake, wote wawili wanajua, yeye alilipima mwenyewe, hatamdanganya, uongo wa leo umetosha, kwa hiyo Msomi akainuka, akavuka sakafu ile ya saruji akimruka mbuzi na kamba yake, akasimama naye ukutani, bega kwa bega, shangazi ananuka spiriti na sabuni ya wodi kama siku zote, na mkono mmoja ukatoka mfukoni ukamkuta wa kwake, baridi, ukaukamata kwa nguvu ya kuumiza, sawa, umiza, na wakautazama mlango wa kijani ambao haujafunguka, ambao nyuma yake hakuna sauti bado, ufunguke upendavyo, atoke huyo daktari na rangi yoyote aliyonayo mdomoni, atawakuta wamesimama.