Maini Kwenye Foleni ya Ushuru

Jumatatu, saa mbili kasoro robo, karani wa dirisha la malalamiko katika ofisi ya ushuru alifuta meza, akamalizia chai yake, akafungua dirisha. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mstaafu mwenye fomu iliyochanika. Wa pili hadi wa arobaini walikuwa maini ya watu.

Yalikuwa yametulia, kila moja nyuma ya mwenzake, bila kusukumana. Kwa adabu yalimshinda mstaafu, ambaye asubuhi yote ile alikuwa akigombana na mlinzi. Mlinzi naye alinung'unikia jambo moja tu, kwamba sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Karani hakuhitaji kuuliza yamefuata nini. Miaka minne nyuma ushuru wa pombe ulipandishwa. Walevi wakalia, wakatukana, kisha wakapunguza. Mdogo wake karani, fundi viatu, alishuka kutoka chupa sita hadi mbili, akawa anarudi nyumbani akijua mlango uko upande gani. Wodi ya wanaume hospitalini ikabaki na vitanda vitupu, wauguzi wakawa wanaanika mashuka humo. Halafu wenye kiwanda cha bia wakaandika ombi kwamba ushuru unawaua. Mwenye nguvu mpishe, na mwenye kiwanda mpishe zaidi. Ushuru ukateremshwa, bei ikaufuata, na haukupita mwezi mashuka yakaondolewa wodini kuwapisha wagonjwa.

"Kila ombi liwe na sahihi," alisema bosi kutoka meza ya nyuma, macho gazetini.

"Hayana mikono, bosi."

"Basi dole gumba."

"Hayana vidole."

"Mama, sheria sikuitunga mimi."

Karani akasogeza kidau cha wino. Maini yakapanda mezani moja moja, yakajigandamiza kwenye karatasi, kila moja likaacha doa la zambarau. Bosi akayatazama madoa yale, akasema yanatosha.

Moja karani alilitambua kabla halijafika dirishani. Lilikuwa limevimba na kujaa mabaka, lakini lilikuwa na haraka ya mdogo wake, na kama yeye lilikuwa linajaribu kuwapita wenzake. Roho ikamuuma.

"Ngoja zamu yako," akaliambia. Likarudi nyuma.

Saa sita mdogo wake akaja mwenyewe, macho ya manjano, tabasamu lile lile.

"Dada, nasikia langu liko huku."

"Liko pale kwenye benchi."

"Linataka nini?"

"Linataka bei ipande."

Akaguna. "Yaani tumekunywa pamoja miaka yote, leo linakuja kunisengenya serikalini?"

"Lipumzishe, mdogo wangu. Nakuomba."

Akalisogelea benchi. Lilikuwa limemgeuzia mgongo.

"Ilipokuwa ghali nilipunguza, uliniona," akasema. "Sasa imekuwa rahisi, dada. Nifanyeje?"

Hakuwa anatania. Karani akamwambia apite kwake ale chochote. Mdogo wake akaitikia, akatoka, akavuka barabara hadi duka la vinywaji.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, upesi wa ajabu kwa ofisi ile. Karani aliyasoma kwa sauti mbele ya waombaji, kama kanuni inavyotaka. Ombi limepokelewa. Ushuru utabaki ulivyo, ili kulinda ajira. Waombaji wanashauriwa kunywa kwa kiasi.

Ini moja lilicheka, au labda lilikohoa. Bosi aliagiza benchi la pili, maana kwa hali ilivyo, alisema, wageni wataongezeka.

Ikabaki kila mwombaji kupokea nakala yake, na kanuni ni kumwita mara tatu. Yaliyoitwa kwanza yote yalikuja. Ilipofika zamu ya ini la mdogo wake, karani aliita mara moja, akangoja. Mara ya pili aliita kwa jina la utani alilompa walipokuwa watoto, jambo ambalo haliruhusiwi kazini. Mara ya tatu aliita kama kanuni inavyosema, polepole, akitazama mlango. Kisha akaandika pembeni, "Mwombaji hakutokea," akafuta macho kwa kiganja, na kumwita anayefuata.