Spika ya Katikati

Dafrosa aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kumgeuza mumewe, na mikono ilimning'inia kama nguo zilizolowa. Tangu masika yaishe ndiyo ilikuwa kazi yake: kumgeuza, kumfuta, kumnywesha uji kwa kijiko, kufua shuka, kuanika, kisha kumgeuza tena. Jua la Ipuli mwezi wa kumi halina huruma, na bati lilikuwa likilia juu ya vichwa vyao. Xavery alimtazama tu. Kiharusi kilimwachia macho, kikamchukulia maneno.

Nesi wa mazoezi alikuwa amemwambia jambo moja, na Dafrosa alilishikilia kama mtu anavyoshika kamba ya kisima.

"Mama, wako wagonjwa ambao maneno hupotea lakini nyimbo hubaki. Mzee alikuwa kwaya? Basi mfungulieni nyimbo zake. Huenda neno likarudi na wimbo."

Hakuahidi. Alisema huenda, na Dafrosa alimpenda kwa kutomdanganya.

Advera, mwenyekiti wa kwaya ya parokia, aliposikia habari hiyo alipakia muziki wote wa kwaya kwenye guta na kuuleta: deki ya diski, risiva, yaani lile dude zito la kuendesha spika, na spika zenyewe tano pamoja na sabufa. "Kaeni nao," alisema. "Sisi tutaimba kwa makoo tuliyopewa na Mungu." Alileta pia diski ya jubilei ya kwaya. Aliyeongoza nyimbo zote humo alikuwa Xavery.

Sasa Omari, fundi redio wa Mtendeni, alikuwa amefunga duka lake ili aje kuunganisha.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Xavery, akamshika mkono ule uliolala, si ule mzima. Dafrosa aliliona hilo. Wageni wengi waliukwepa mkono ule.

Omari akachuchumaa nyuma ya deki. "Haya, mama, chagua. Njia fupi ni waya mbili, nyekundu na nyeupe. Deki inachanganya sauti zote, inazipeleka kwenye risiva, zinatoka kwenye spika mbili, mimi naenda kula. Njia ndefu ni waya sita. Hapo kila spika inapewa fungu lake, haiingilii la mwenzake. Lakini kwa chumba hiki, nitawafunga miguu kama mbuzi wa sikukuu."

"Fupi, mwanangu. Mimi na mambo marefu tumeachana."

"Bila talaka?"

"Talaka nitaandika nikipata nafasi ya kukaa."

Omari alicheka, akachomeka waya zake mbili, akawasha.

Ngoma, kinanda, kina mama, kina baba, vyote vikaja kwa mkupuo mmoja. Xavery alifumba macho, na mkono wake mzima ukavuta shuka mpaka sikioni. Ndivyo alivyofanya hata wageni walipozungumza wawili kwa pamoja. Tangu augue, sauti nyingi zilimwingia kama vumbi.

"Zima, zima," alisema Dafrosa. "Kwani sauti yake haimo?"

"Imo, mama, ila imechanganyika kama maziwa kwenye chai. Kwa waya mbili siwezi kuyatoa tena. Kwa sita naweza. Aliyerekodi alipanga vizuri: ngoma na kinanda spika za mbele, waitikiaji za nyuma, kiongozi peke yake spika ya katikati."

Dafrosa aliegemeza kichwa ukutani. Waya sita maana yake ni kuinuka, kusogeza kitanda, kuhamisha ndoo na beseni. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema yaishe. Akamtazama mumewe, ambaye bado alikuwa amejifunika sikio.

"Weka sita."

Omari hakuguna. Alisogeza kitanda peke yake, akapita chini yake kwa magoti, akaiagiza deki isichanganye sauti tena. Spika ya katikati aliiweka juu ya kigoda, karibu na mto, kisha akazipunguza zile nyingine mpaka zikawa kama watu walio chumba cha pili.

Wimbo aliouweka Omari, Xavery aliutunga mwenyewe, kutokana na habari za babu zake, wapagazi waliobeba mizigo kutoka Ujiji mpaka pwani. Mbele ya msafara alitembea mtu aliyeitwa kirangozi. Yeye aliita, walio nyuma wakaitika. Basi katika wimbo kiongozi huuliza, "Mmechoka?" Na kwaya hujibu, "Bado, Bwana, bado."

"Mmechoka?" kigoda kiliuliza, kwa sauti nzito, nzima, ya mtu anayesimama kwa miguu yake.

Xavery alikitazama kigoda kama anayemwona mtu amevaa koti lake. Kisha akageuza uso ukutani. Chozi lilimtiririka mpaka sikioni, na Dafrosa akalifuta kwa pindo la khanga.

"Nimemtesa," alisema. "Nimemletea mtu wa kumcheka."

"Pole, mama. Tuzime?"

Dafrosa alimzuia kwa mkono. Alikuwa anakumbuka mazoezi ya kwaya. Kila zamu ya kuongoza ilipomwangukia mwenzake Octavian, Xavery alinyamaza kabisa, hata kuguna hakuguna. Wanakwaya walipomsema kwamba ana wivu, alijibu, "Msafara hauna virangozi wawili. Mwenzio akiita, wewe beba mzigo wako."

Dafrosa akainuka.

"Omari, hiyo waya ya katikati ukiichomoa, zile nyingine zinakufa?"

"Hazifi. Lakini wimbo utabaki na mashimo, mama. Kwaya itamjibu mtu ambaye hajauliza."

"Ichomoe."

Ngoma zikaanza tena, chini kwa chini. Likaja pengo, kisha, "Bado, Bwana, bado." Pengo tena. Lilikuwa refu kuliko Dafrosa alivyodhani. Nusura aite yeye mwenyewe, akajiuma mdomo. Omari alikaa na waya mkononi akitazama sakafu, ili mzee asione kwamba anatazamwa.

Ubeti wa kwanza ukapita hivyo. Katika ubeti wa pili Xavery aliuacha ukuta. Kinywa kilifunguka, ikatoka pumzi tu, na kwaya ikajibu. Akakunja uso, kama alivyowakunjia zamani waliochelewa kuingia.

"Mme—"

Alichelewa. Waitikiaji walimfunika. Ngoma zikazunguka, zikarudi.

"Mmechoka?"

Halikuwa neno zuri. Lilitoka kwa upande mmoja wa mdomo, na mate juu yake. Lakini lilikuwa zima, na alipolisema hakuwa anatazama spika. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Bado, Bwana, bado," kwaya ilijibu.

Miezi yote hiyo Dafrosa naye alikuwa akijibu hivyo hivyo. Alimjibu nesi, alimjibu Advera, alimjibu mwanawe Tobias kwenye simu kila alipouliza kutoka Urambo.

"Nimechoka, Baba Tobias," alisema. "Nimechoka sana."

Mkono mzima wa Xavery ulipapasa godoro ubavuni pake, ukatulia hapo. Dafrosa alizivuka waya, akajilaza na khanga yake, bila hata kuvua kitambaa cha kichwa. Alisikia Omari akitoka kwa kunyata. Muda kidogo akamsikia uani, anaanua shuka.

Wimbo ulikuwa unaendelea. Xavery aliuliza tena, na safari hii Dafrosa aliiachia kwaya ijibu.