Vyote kwa Pamoja

"Mtoto ana miezi mingapi?" aliuliza karani wa dirisha la kadi.

"Kumi."

Karani akamtazama Aroni aliyelegea mgongoni mwa mama yake, kisha akaandika. Mama huyo, Annastella, alikuwa ametoka Muleba alfajiri, na hapo hospitali ya Bukoba alishajibu swali hilo mara tatu. Kila mara aliona aibu upya.

Daktari alimkalisha mtoto kitandani. Aroni akaanguka ubavu.

"Ulipokuwa na mimba yake ulimeza dawa ya tezi ya shingo?"

"Kila siku, waitu," alijibu kwa heshima. "Sikuruka hata moja."

"Ulimezaje?"

Akaeleza, tena kwa fahari kidogo: asubuhi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki, akisukumizia kwa emumbwa, udongo wa mitishamba ambao mama mkwe alimkorogea kwenye maji kwa mkono wake ili mtoto azaliwe na nguvu.

Daktari akaweka kalamu chini. Vidonge vya damu huizuia dawa ya tezi isiingie mwilini, alisema, na udongo nao huenda hufanya vivyo hivyo. Ilitakiwa vipishane kwa muda wa saa nne. Damu ilitakiwa ipimwe, dozi iongezwe. Tezi ya mama ikizembea miezi ya mwanzo ya mimba, ubongo wa mtoto unaweza kuchelewa kukua.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Siwezi kuapa. Pia alizaliwa kabla ya siku zake. Tutampima, na aanze mazoezi."

Kwenye kadi aliandika: *Mama hakutumia dawa ipasavyo.*

"Muuguzi wa kliniki aliniambia nimeze vyote kwa pamoja nisije nikasahau," alisema Annastella. "Liandikwe na hilo."

"Kadi haina sehemu ya hilo, mama."

Alasiri, badala ya kwenda nyumbani, alipitia kliniki ya kwao. Wajawazito walikuwa kwenye benchi. Akawaambia: mwenye dawa ya tezi asiimeze pamoja na ya damu.

"Wewe nani kakuita ufundishe hapa?" alifoka muuguzi.

"Mimi ndiye niliyekusikiliza. Mtoto wangu huyu hapa."

Muuguzi akamtazama mtoto, akarudi kwenye daftari lake. Mwanamke mmoja mwenye shingo iliyovimba alifungua pindo la kanga. Pakiti mbili za vidonge, vya tezi na vya damu, zilikuwa humo. Akatoa moja, akaifunga kwenye pindo la pili.

Haikuchukua hata dakika moja. Annastella alisimama pale pale akalia, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.