Nyimbo Zinaruhusiwa

Saa nne kasoro robo asubuhi, Sesilia alikuwa ameshazunguka korido nzima ya kituo cha televisheni kule Kinondoni akitafuta soketi yenye umeme, laptop imebakiwa na asilimia sita.

Yaani miaka kumi na moja kwenye filamu! Kabeba nyaya, kapaka watu poda, kaigiza dada wa kazi kwenye tamthilia tano, eti lafudhi yake ya Kimakonde inachekesha. Leo ndiyo anakabidhi filamu yake mwenyewe, ya kwanza kabisa, kuhusu mama yake, mfinyanzi wa vyungu Kiwalani. Inarushwa Ijumaa, ila mwisho wa kupokea ni leo saa kumi.

Wilbert, mkuu wa vipindi, alimpokea huku anatafuna chapati.

"Dada, kazi kali. Ishu moja tu. Bi mkubwa anaongea kikabila dakika kumi na mbili. Hairuhusiwi."

"Si nimeweka maandishi ya Kiswahili chini?"

"Maongezi ni maongezi. Tumweke yule binti wa tangazo la sabuni aongee juu yake."

"Mama ana miaka sabini na moja, kaka!"

"Basi ataonekana kijana."

Sesilia akainua macho. Kwenye runinga ya ukutani kikundi cha ngoma kilikuwa kinaimba, na hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili.

"Na hao?"

"Hao wanaimba. Nyimbo za asili ni utamaduni, zinaruhusiwa."

"Kwa hiyo mama akiimba..."

"Akiimba, utamaduni."

Bodaboda mpaka Kiwalani. Mama yake, Bi Demetria, alikuwa uani anakanda udongo, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mama. Ile habari uliyoisimulia kwenye filamu, ya nyumba yetu kubomolewa kupisha barabara, unaweza kuiimba?"

"Marahaba. Niimbe?" Mama akaacha kukanda. "Mie nimelala nje na wanangu wanne, leo niimbe? Si wataona nafurahia?"

"Msibani hatuimbagi, mama?"

Bi Demetria akachota maji, akayanyunyiza kwenye udongo, akaanza taratibu kwa Kimakonde. Sesilia akawahi kutega kamera juu ya ndoo. Jirani yao Hamida, mwenyeji wa Tanga, haelewi neno, lakini akadaka kiitikio kama vile kazaliwa Newala, Umakondeni.

Sesilia alidhani anaijua habari yote. Kumbe! Wimbo ukaingia mahali ambapo maongezi hayakuwahi kufika: yule ofisa aliyekuja kuchora alama nyekundu ya kubomoa ukutani alikuwa na kiu, akaomba maji, na mama akampa kwenye kikombe cha watoto. Akanywa, akashukuru, akachora.

"Mama, mbona hili hukuwahi kutuambia?"

"Hukuwahi kuuliza kwa wimbo." Akacheka, akafuta jicho kwa bega.

Saa kumi kasoro robo Sesilia alikuwa tena mezani kwa Wilbert, kipande kipya kimeshaungwa. Jamaa alisikiliza huku anapigapiga meza kwa kidole.

"Safi sana! Inachangamsha. Tutaiweka kwenye burudani. Ila hayo maandishi toa, wimbo hautafsiriwi, unaharibu picha."

"Sasa watu wataelewaje?"

"Si lazima waelewe, dada. Wacheze."

Wilbert akagonga muhuri wa kuidhinisha kwenye fomu. Sesilia akafuta maandishi mstari mmoja mmoja, wimbo unaendelea kulia, midomo kaibana.

Nyuma yake mopu ilikuwa imeacha kusugua sakafu. Rukaiya, mama wa usafi, alisimama mlangoni, macho kwenye laptop.

"Samahani, mwanangu," akasema kwa lafudhi ya Kimakonde. "Huyo aliyepewa maji, nyumba aliibomoa kweli?"

"Aliibomoa, mama."

Wilbert akageuka. "Nani kapewa maji?"

Akautazama muhuri wake kwenye fomu, wino bado mbichi.