Dereva Aliyepunga Mkono

Alasiri ile Ghania alikuwa amechoka hata kuitikia salamu kulimwia kazi. Tangu asubuhi alikuwa ameketi katika chumba chake cha ushauri nasaha, katikati ya mji wa Annaba, akipokea machozi ya watu, mmoja anatoka mwingine anaingia. Sasa alibakiwa na mteja wa mwisho, Lakhdar, aliyeitwa Si Lakhdar kwa heshima, dereva wa treni aliyekaribia kustaafu. Wakubwa zake kazini walimlazimisha kuja baada ya treni yake kumgonga mtu na kumuua kwenye njia ya kwenda mji wa Guelma.

Kiangazi chote Lakhdar alikuwa akija na kuzungumza juu ya kila kitu isipokuwa hilo. Goti lake. Timu yake ya mpira. Mkwewe mlafi. Ghania alimwacha aongee, kwani ndivyo alivyofunzwa chuoni, kwamba mteja ndiye ashikaye njia na mshauri anafuata nyuma. Alifuata, akafuata, mpaka akahisi wanazunguka nyumba ileile bila kubisha hodi.

"Na yule kipa," Lakhdar alikuwa akisema, "hata bibi yangu marehemu angeudaka ule mpira."

"Si Lakhdar, mpira umetosha."

Lakhdar hakuwahi kukatizwa mle ndani.

"Nitakuuliza maswali mafupi, nawe nijibu kwa ufupi," Ghania akasema. "Ukishindwa, sema umeshindwa. Lakini leo hatuzungumzi jambo jingine."

"Leo vipi, binti yangu? Umegombana na mumeo?"

"Nimechoka tu. Na wewe umechoka kunishinda. Usiku unalala?"

"Kidogo."

"Ukifumba macho unamwona?"

Lakhdar akaitazama feni ikizungusha joto juu ya vichwa vyao. "Namwona."

"Anafanya nini?"

"Amesimama kwenye reli."

"Amesimama tu?"

Ghania akasogeza kiti chake mbele kidogo.

"Kila ukija unaniambia moyo wako mweupe, ni kazi ya Mungu, na wakubwa wameona huna hatia. Sawa. Lakini tangu siku ya kwanza unaukalia mkono wako wa kulia. Mdomo unasema hivi, mkono unasema vingine. Kwa nini unaukalia?"

Lakhdar akautazama ule mkono uliobanwa chini ya paja kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Alinipungia," akasema mwishowe. "Alinipungia mkono kama watoto wa mashamba wanavyoipungia treni. Nikadhani ananisalimu, nami nikampungia." Akauchomoa ule mkono chini ya paja. "Kwanza nilimpungia, binti yangu. Ndipo nikashika breki."

Ghania aliyajua maneno laini ya kusema hapo, na alijua kwamba Lakhdar ameshayasikia kwa kila mtu. Akayaacha.

"Ungeshika breki palepale ulipomwona, treni ingesimama kabla ya kumfikia?"

"Tulikuwa tunateremka, na mzigo mzito."

"Hilo si jibu. Ingesimama?"

"Isingesimama."

"Una hakika, au unanifurahisha mimi?"

"Hilo nina hakika nalo."

"Basi liseme tena."

"Isingesimama," Lakhdar akasema, na machozi yakamtoka bila sauti. Alijifuta haraka haraka kwa kiwiko, kama mtu aliyemwagiwa maji.

Ghania akangoja atulie. "Mkeo analijua hili la mkono?"

"Zubida? Hajui. Hakuna mtu yeyote ajuaye."

"Utamwambia kabla ya kurudi hapa wiki ijayo."

"Hilo sahau."

"Sikuombi, Si Lakhdar. Nakuagiza."

Lakhdar akainuka. "Nina mabinti wakubwa kuliko wewe," akasema, "na hakuna hata mmoja anayethubutu kuniagiza." Akatoka bila kuaga, akauacha mlango wazi.

Ghania hakuwa na nguvu za kwenda kuufunga. Alijiuliza kama aliyesema vile ni mshauri aliyeona wakati umefika, au ni mwanamke aliyechoka kusikia habari za mpira. Nyumbani alipasha moto supu yake ya shorba, akapitiwa na usingizi kabla ya kuionja.

Wiki iliyofuata saa ya Lakhdar ilifika bila yeye. Ghania alikuwa tayari ameshika mkoba wake aliposikia mtu akihema kwenye ngazi.

"Nimemwambia," Lakhdar akasema kabla ya kukaa.

"Akasemaje?"

"Alikuwa anachambua giligilani. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, 'Basi yule maskini aliondoka amesalimiwa.' Nikamkasirikia. Nikamwambia mtu amekufa, usinipambie maneno. Akaniambia nenda kalale."

"Ukalala?"

"Mpaka adhana ya adhuhuri." Akajikuna shingo. "Lakini treni siirudii. Nimeomba wanihamishie karakanani. Na kwa hilo usiniagize."

"Hilo ni lako. Siligusi."

"Na bado namwona."

"Utamwona muda mrefu, Si Lakhdar. Sitakudanganya."

Lakhdar akamtazama, akayaona macho mekundu na mkoba begani. "Wewe nawe umekonda. Nenda nyumbani ukale, tutaongea siku nyingine."

"Nitakula baadaye. Keti."

Akaketi. Ghania akaushusha mkoba, akatafuta swali la kuanzia, lakini kichwa kilikuwa kizito na swali halikuja. Lakhdar hakulingoja.

"Alikuwa amevaa shati la buluu," akasema, "na mikono yake ameikunja mpaka kwenye viwiko."